Mfagiaji Aliyetufundisha Kumimina

Hakuwa na subira na mtu mzima. Ukipalilia vibaya alikunyang'anya jembe. Ukichelewa kufunga mzigo wako sokoni Nshamba alikusukuma pembeni, akaufunga mwenyewe huku akikusema mbele za watu. Lakini mtoto wa miaka mitatu akihangaika na kifungo cha shati, mwanamke huyo huyo aliketi chini, akaikalia mikono yake miwili ili isimtoroke, akangoja. Chai ilipoa. Wageni walipiga hodi hadi wakachoka. Yeye alingoja.

Tulimwita Mfagiaji, na halikuwa tusi, kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe. Kwetu Wahaya mgeni huulizwa kwanza ni wa ukoo gani. Yeye akiulizwa alijibu, "Mimi nilifagia," na mazungumzo yakaanzia hapo.

Alifagia Bukoba mjini, kabla ya Uhuru na miaka michache baada yake, katika shule ndogo ya watoto wa chekechea iliyoendeshwa na sista mmoja Mzungu. Walisoma humo watoto wa maofisa, wa wenye maduka, na wachache wa makarani wetu. Sista alifundisha kwa mtindo wa Montessori. Mfagiaji alilitamka neno hilo "Montesoli" na kwa miaka mingi aliamini kuwa ni jina la ukoo wa sista. Asubuhi alisimama dirishani na fagio mkononi akitazama. Jioni, watoto wakiisha kwenda, alipangusa rafu na kurudisha kila kitu mahali pake: vipande vya mbao kuanzia kikubwa hadi kidogo, magudulia ya kumiminia, vitambaa vilivyokunjwa mara nne. Kitu kikikaa upande usio wake, sista alijua. Kwa hiyo Mfagiaji aliijua shule nzima kwa mpangilio wake, kama mke anavyojua chungu kipi hukaa juu ya kipi, ingawa hakuna aliyewahi kumkalisha akamweleza neno.

Sista alipoondoka shule ikafungwa. Mfagiaji akaacha chumba chake cha kupanga Kashai, hapo hapo mjini, akarudi Nshamba, ambako kaka yake alimpa pembe ya kibanja, shamba lake la migomba. Hapo ndipo alipotukuta sisi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa karani Bukoba na alikuja Jumamosi. Binti yetu, Koku, alipata homa kali kabla hajatimiza miaka miwili, na homa ilipomwachia iliuacha mkono wake wa kulia umelegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mama mkwe alimpenda Koku kupita kiasi. Alimlisha, alimvisha, alimbeba mgongoni hata alipofika miaka mitatu na miguu ikaning'inia. Nami, niliyewafundisha watoto hamsini kuhesabu, sikujua la kumfanyia wangu mmoja. Usiku nililala nikiuona mkono ule.

Mfagiaji alikuja kuomba machipukizi ya migomba. Alimkuta Koku mkekani, kinywa wazi kama kinda, mama mkwe akimtilia ndizi.

"Huyu ana meno?" akauliza.

"Anayo," mama mkwe akajibu.

"Basi mkono wake uko wapi?"

"Mkono wake umekufa! Huoni?"

"Nimeona mmoja," alisema Mfagiaji. "Lakini Mungu alimpa miwili."

Mama mkwe alimpa machipukizi mabovu kuliko yote, ili asirudi. Kesho yake akarudi, na vibuyu viwili vidogo na konzi ya maharage.

Alitandika kitambaa chini, akapiga magoti mbele ya Koku, akamimina maharage kutoka kibuyu kimoja kwenda kingine, polepole, bila kusema neno. Akamimina tena kurudisha. Kisha akavisogeza vibuyu mbele ya mtoto, akarudi nyuma, akaikalia mikono yake.

Koku alishika kibuyu kwa mkono wa kushoto. Maharage yakamwagika. Nikainama kuyaokota.

"Acha, mwalimu."

"Yamemwagika."

"Ni yake. Atayaokota mwenye maharage."

Ilimchukua muda mrefu kiasi kwamba nilichelewa shuleni. Lakini aliyaokota, moja moja, na alipofika la mwisho akacheka peke yake, bila mtu kumchekesha. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Kwa wiki nyingi hapakuwa na jipya ila maharage. Mkono wa kulia Mfagiaji hakuutaja. Alichofanya ni kuchagua kibuyu cha kupokelea chenye kitako cha mviringo, kisichosimama chenyewe. Koku akimimina, kinaanguka. Siku moja, bila kuambiwa, aliuinua ule mkono legevu kwa mkono mzima, akauweka juu ya kibuyu kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi, na kibuyu kikasimama. Mfagiaji alinitazama. Hakupiga makofi, wala hakuniruhusu kupiga. "Ukimpigia makofi," aliniambia baadaye, "kesho atafanya kwa ajili ya makofi."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo na aliitoa bila sherehe, akitafuna mwani, buni zetu zilizokaushwa, au akitema ganda lake. "Mkono ukifanyiwa kazi hulala." "Onyesha, funga mdomo, ondoka." Mama mkwe alipomlaumu kuwa anamtumikisha mtoto mgonjwa, alijibu, "Mgonjwa ni wa kitandani. Huyu yuko mkekani."

Ugomvi mkubwa ulikuja na maziwa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa yake yalihesabika kwa vikombe. Mfagiaji aliona Koku amekwisha kuyaweza maharage, kisha mchanga, kisha maji. Sasa akampa gudulia dogo la maziwa ayamimine mezani. Gudulia likateleza, likavunjika, na maziwa yote ya asubuhi yakaenea sakafuni.

Mama mkwe alikuja mbio. "Toka! Toka nyumbani kwangu na uchawi wako wa mjini!" Akanigeukia. "Mwalimu, chagua leo. Huyo au mimi."

Mfagiaji hakujitetea. Alisimama mlangoni akinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiogopa. Yule alikuwa mama wa mume wangu na nyumba ilikuwa yake. Nikafanya kile nilichokuwa nimeonyeshwa. Niliokota vigae, nikaenda jikoni nikachukua kitambaa, nikampa Koku, nikanyamaza, nikarudi nyuma.

Koku alipiga magoti na kuanza kufuta. Maziwa yalikuwa mengi. Alifuta kwa mkono wa kushoto, akaona hautoshi, akaweka na wa kulia juu yake, akasukuma kwa miwili. Tuliona vidole vikikunjika. Vile vidole ambavyo mama mkwe alikuwa ameviosha na kuvipaka samli na kuviombea rozari miezi na miezi, vilikunjika juu ya kitambaa na kukishika.

"Maawe!" mama mkwe alishangaa. Alitoka akaenda kibanjani. Mchana alirudi na kibuyu kidogo kuliko vyote tulivyokuwa navyo, amekisafisha ndani kwa mchanga, akamkabidhi Mfagiaji. "Hiki hakivunjiki," alisema.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa shule. Mfagiaji alipigilia vipande viwili vya shati kuukuu la mume wangu kwenye fremu ya mbao, Koku akajifunza kufunga na kufungua vifungo. Alichora mstari wa majivu uani, Koku akautembea na bakuli la maji. Alitia mfukoni buni, punje ya mahindi, kifungo na njugu mawe, akamtaka mtoto afumbe macho, aingize mkono wa kulia na kutaja alichoshika. Kulikuwa pia na mchezo wa kunyamaza, ambapo sote watatu tuliketi kimya kabisa kusikiliza, kisha tukasimulia kwa kunong'ona tulichokisikia: mtu anakata kuni, majani ya migomba yanasuguana, mama mkwe anatucheka. Wageni walipokuja, Koku mwenye miaka minne ndiye aliyewapelekea kikapu cha mwani watafune, akikibeba kwa mikono miwili. Mama mkwe aliwaambia, kana kwamba alikuwa amelijua tangu mwanzo, "Mjukuu wangu hapendi kusaidiwa."

Msidhani mwanamke huyu alikuwa nadhifu katika kila jambo. Kibanja chake kilikuwa aibu ya kitongoji: magugu, mikungu iliyoinama bila nguzo, kuku wakilala ndani ya kapu la nguo. Aliyedai kitambaa kikunjwe mara nne alivaa kanga yake ndani nje. Hakuimba kanisani kwa kuwa, alisema, Mungu anamsikia vizuri zaidi akinyamaza, lakini akinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliimba hadi kwa jirani wa nne. Na alikuwa na uongo mmoja, aliouishi kwa miaka.

Siku sista alipofungasha, alimwagiza Mfagiaji achome makaratasi na takataka zote zilizobaki stoo. Ndani yake kulikuwa na vibao vya herufi: kila herufi imekatwa kutoka karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye kibao laini, ili mtoto aipapase kwa kidole kabla ya kuiandika. Mfagiaji alichoma makaratasi. Vibao akavifunga ndani ya blanketi. Sista alipomwuliza, alisema vimeungua. Aliungama kwa padri, naye padri akamwambia avirudishe. "Nikamwuliza, kwa nani, Padri? Sista yuko Ulaya. Akasema, basi kwa watoto."

Alivileta kwetu Koku alipokaribia miaka mitano. Alikiweka kimoja mbele ya mtoto, akaigusa herufi kwa vidole viwili, akaifuata juu, akazunguka, akashuka, laini kama anayempapasa mtoto mchanga. Nilishangaa. Mkono wake ulikuwa sahihi kuliko wangu wa ualimu. Kisha akasimama. Akaanza upya, akafika mwisho, akasimama tena.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Hapa sista alikuwa anasema kitu," alijibu. "Kwa Kiingereza, na kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa dirishani." Aliangalia kibao. "Mkono naujua, mwalimu. Mdomo siujui."

Ndipo nilipoelewa. Kwa miaka yote ile alikuwa amezipangusa herufi zote, anazijua kwa tumbo na mkia na nundu, anajua ipi hukaa karibu na ipi, na hakuna aliyewahi kumwambia zinasemaje. Mimi, mwalimu wa kusoma na kuandika, nilikuwa nimekaa naye miaka miwili bila kumwuliza.

"Aaa," nilisema.

"Aaa," alisema Koku.

Mfagiaji alirudisha vidole juu ya msasa. "Aaa," akasema, akazunguka, akashuka.

Wakajifunza pamoja, mtoto na mtu mzima, juu ya mkeka mmoja. Koku alimshinda kwa kasi, naye Mfagiaji akamshinda kwa mwandiko. Akikosea, Koku hakumsahihisha kwa maneno. Alichukua kile kibao, akakiweka tena mbele yake, akaikalia mikono yake. Mara ya kwanza kumwona binti yangu akifanya hivyo ilinibidi nitoke nje nikacheke. Neno la kwanza Mfagiaji aliloandika mwenyewe, kwa kaa la moto lililozimika, kwenye ukuta wetu uliopakwa chokaa, lilikuwa "fagio". Mama mkwe alikataza ukuta ule usipakwe chokaa tena.

Siku ya kumwandikisha Koku darasa la kwanza, tulikwenda wanne. Wakati ule vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya wachache, hivyo umri ulipimwa kwa mkono: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Akilifikia, umri umetimia. Koku aliuinua wake kwa msaada wa mwenzake, ukafika kwenye paji la uso, ukaishia hapo.

Mwalimu mkuu, mtu mwema lakini wa kanuni, akatikisa kichwa. "Mlete mwakani, mwalimu. Au pengine..." Hakumaliza, ila nilijua alichotaka kusema. Pengine mtoto wa namna hii abaki nyumbani. Nami nilikuwa mwalimu chini yake.

"Mwalimu Mkuu," akasema Mfagiaji, "kwani sikio ndilo linalosoma?"

Walioandamana na watoto wao kwenye foleni wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Koku hakungoja amri ya mtu. Alikwenda mezani, akachukua kalamu na karatasi, akaupandisha mkono wa kulia juu ya karatasi ukaikandamiza isiteleze, na kwa kushoto akaandika: *mimi ni koku ninaweza*.

"Anaandika kwa kushoto," alisema mwalimu mkuu.

"Na kwa kulia ameshika," alijibu Mfagiaji. "Yote miwili iko kazini. Wako wa kushoto, mzee, sasa hivi unafanya nini?"

Mkono wa kushoto wa mwalimu mkuu ulikuwa mfukoni. Aliutoa. Akaisoma ile karatasi mara mbili, akafungua daftari la majina, akaandika. Mama mkwe alipiga vigelegele palepale ofisini, na nje watu wasiojua kisa chochote wakaitikia. Tulirudi nyumbani tukiimba njia nzima, hata Mfagiaji, bila rubisi.

Ilipokuja kampeni ya kisomo cha watu wazima, kila kitongoji kikawa na darasa: wazee wenye mvi chini ya paa la ghala la kahawa, ubao mweusi umeegemezwa kwenye magunia. Siku ya mtihani Mfagiaji alimaliza wa kwanza. Msimamizi alidhani amenakili. Akampa gazeti la siku ileile, akalisoma bila kukwama, pamoja na habari ya mpira.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Mwenzangu," alisema. "Yuko darasa la kwanza."

Serikali ilipohimiza vijiji vya ujamaa, sisi wa kwenye vibanja vya zamani hatukuhama kwa wepesi. Nani ataiacha migomba iliyopandwa na babu yake? Mfagiaji, ambaye kibanja chake hakikumlilia wala yeye hakukililia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda Ngenge, kule chini kwenye ardhi pana na kavu, kulikoanzishwa kijiji kipya. Alifunga vibao vyake ndani ya blanketi na kupanda lori. Koku alimpungia. Nilisikia tu fununu baada ya hapo, kwamba kina mama wa shamba la ujamaa wamempa watoto wao awatunze wakilima.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa. Ofisi ya elimu ilituma ujumbe kukagua vituo vya watoto vya vijijini, na mimi nikachaguliwa kwenda pamoja na Bwana Maendeleo, kijana aliyetoka chuo, mwenye suti ya Chou En-lai, ule mtindo wa Kichina, iliyonyooshwa vizuri. Tulifika Ngenge tukiwa tumejaa vumbi la Land Rover. Nilitegemea kusikia kelele za watoto arobaini. Kulikuwa kimya.

Chini ya banda la nyasi walikuwa wameenea mikekani, kila mmoja na shughuli yake. Mmoja alikuwa anatenga mbegu za pamba na za alizeti. Wawili waliosha viti. Mwingine alisuka ukili, ulimi nje. Rafu zilikuwa za matete, zimepangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo. Mfagiaji alikuwa amezeeka na kukonda, na kanga yake ilikuwa ndani nje. Alituona. Bwana Maendeleo akapiga hatua kuingia, mkono tayari kwa salamu.

Mfagiaji aliinua kiganja: simama.

Mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu alikuwa anakatiza mlangoni na bakuli lililojaa maji, macho kwenye maji, hatua baada ya hatua. Tulisimama juani: Bwana Maendeleo, dereva, mwenyekiti wa kijiji na mimi. Mtoto alichukua muda wake. Alipofika alikokuwa anakwenda akaweka bakuli chini, akapumua. Halikumwagika hata tone.

"Karibuni, waitu," akasema Mfagiaji, kwa heshima ya Kihaya.

Nilimkumbatia. Akauliza habari za Koku, nikamwambia yuko darasa la tano na anawafundisha wadogo zake kumimina. Akaitika kwa kichwa tu, kama anayepokea habari ya mvua aliyoitegemea. Bwana Maendeleo alizunguka banda lote, akagusa matete, akagusa vibao, akarudi amevua kofia.

"Mama, kazi hii ulisomea wapi?"

"Nilikuwa nafagia," alisema.

Kijana alicheka kidogo, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Mfagiaji akamletea daftari la wageni. "Andika uliyoyaona. Andika vizuri, nataka kusoma."

Aliandika mistari mitatu kwa haraka ya watu wa ofisini, akatia sahihi. Kina mama walikuwa wanarudi kutoka shambani, majembe mabegani, wakasimama kuzunguka banda. Mfagiaji alilichukua daftari, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Nimekuja... kufundisha... nami... nimefundishwa. Hawa... ni..." Kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akaligeuza daftari, akalisogeza mbele ya mgeni.

"Hapa kwenye 'watoto' umeruka o."

Bwana Maendeleo aliinama, akaangalia, akachukua kalamu. Kina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao, wakati kijana anaiandika o yake, ya mviringo, polepole, Mfagiaji akiwa ameketi kando yake ameikalia mikono.